Samoni wa Siku ya Posa

Pasuquin, 14 Mei 1988

Nanang,

Nauchukua mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu nipate baraka, ingawa bahari yote iko katikati yetu. Sisi huku hatujambo. Apo anakusalimu, anasema yeye ndiye aliyekuzaa, si Wamarekani, kwa hiyo usimsahau kwenye sala. Bado anaamka kabla ya majogoo na kuwagombeza kwa kuchelewa. Anti Pacing kifua kinambana, lakini mdomo haujabanwa hata kidogo. Vitunguu saumu tumevifunga mafungu na kuvitundika darini, na mimi ninanuka hadi kule kazini, kwenye duka la mikate. Wateja wananiuliza kama biskuti za siku hizi zina dawa.

Sasa jambo lenyewe. Kaa kwanza.

Nestor, yule wa mashamba ya chumvi niliyekuandikia habari zake Krismasi, amewaambia wazazi wake. Wanataka kuja kuposa Desemba, Jumamosi ya kabla ya wiki ya Krismasi. Nimefurahi, Nanang, lakini usingizi umenikimbia. Mama yake, Nana Onor, ni mwanamke wa kutazama sakafu ya watu kabla ya kuwatazama watu wenyewe. Aliniuliza mlangoni pa kanisa, mbele ya kila mtu, "Na mama yako atakuwepo, au tutajibiwa na picha?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikashika njia.

Tatang hayupo, Mungu amrehemu baba yangu. Nikikukosa na wewe, nani atanijibia? Anti Pacing? Huyo atasema "ndiyo" kabla hawajauliza.

Njoo, Nanang. Na uniandikie ule mchuzi wako wa samaki wa kuoka, ule wenye utamu na ukali, nianze kuujaribu mapema.

Mwanao,
Marivic


Kodiak, 9 Juni 1988

Mwanangu Marivic,

Mungu akubariki, na paji lako la uso lisiote makunyanzi kabla ya wakati wake. Barua yako nimeisoma kwa sauti bwenini na wanawake wote wamepiga vigelegele, hata Wasamoa wa chumba cha pili, ambao hawakujua wanashangilia nini. Mimi ni mzima. Mvua inanyesha, upepo unavuma, na samoni wameanza kuingia mitoni, kwa hiyo kiwanda chetu cha samaki kimefunguliwa na miguu yetu imekwisha. Ludy, mwenzangu wa chumba, anakusalimu. Anakoroma, lakini ana moyo mzuri.

Nitakuja. Umesikia? Samoni wakiisha naomba ruhusa, na Desemba niko nyumbani. Nitabeba samaki kwenye sanduku la barafu kama wafanyavyo wote wanaotoka huku, yule mwekundu, mzima mzima, na nitamwoka kwa mikono yangu kwenye tanuri la jikoni kwetu. Mwambie Nana Onor kwamba picha haijui kuoka.

Mchuzi ni huu. Ponda sukari guru, itandaze chini ya sufuria, uikandamize. Simamisha kidole cha kati juu yake, kisha mimina siki ya miwa mpaka ifike pingili ya kwanza, kama unavyopima maji ya wali. Tangawizi, kipande cha urefu wa pingili hiyohiyo. Vitunguu saumu usivionee huruma. Pilipili ndogo nyekundu, kiganja kisichojaa. Chumvi ya vidole vitatu. Chemsha hadi unate kwenye mwiko. Nusu mpake samaki, mfunge kwenye jani la mgomba, mwingize tanurini. Nusu ya pili mpake mwishoni, jani likiwa wazi, na hapo usibanduke, maana sukari haina urafiki: ukigeuka kupiga chafya tu imeungua. Na ukiniuliza ni vijiko vingapi nitakukana. Kijiko ni cha mtu asiye na mikono.

Huyo Nestor nataka nimwone anavyopokea mkono wangu. Mwanamume hujulikana hapo. Yupo anayeinama hadi kwenye mkono wa mkubwa, na yupo anayeuvuta mkono wa mkubwa uje kwake, kama anateka maji. Baba yako aliinama hata Apo akadhani ameangusha kitu.

Mama yako,
Visitacion


Pasuquin, 20 Julai 1988

Nanang,

Naupokea mkono wako. Sote wazima, isipokuwa jogoo mkubwa, ambaye Apo amemchoka na tukamla Jumapili. Mvua zimeanza na mashamba ya chumvi yamelala, kwa hiyo Nestor anashinda kibarazani kwetu akijifanya anarekebisha ngazi. Ngazi ilikuwa nzima. Sasa inayumba.

Nimeujaribu mchuzi kwa mwatiko wa bwawani. Siki ilizidi! Anti Pacing alikohoa hadi jirani akaja na maji. Apo alitokwa na machozi, kisha akasogeza sahani nimwongezee. Halafu akatoa hukumu yake: "Kosa si lako. Mama yako ana vidole vifupi tangu utotoni, wewe una virefu vya baba yako. Pingili yake si pingili yako." Tumecheka jioni nzima. Kwa hiyo, Nanang wa vidole vifupi, itabidi uje mwenyewe kweli.

Nana Onor ameuliza tena. Nimemwambia unakuja na samaki. Amesema, "Tutaona." Niandikie siku utakayofika nimfunge mdomo.

Mwanao,
Marivic


Pasuquin, 30 Agosti 1988

Nanang,

Naupokea mkono wako, popote ulipo.

Hujajibu. Kila mleta barua akipita nasimama na unga mikononi. Anti Pacing amekwenda nami hadi mjini Laoag kupiga simu bwenini kwenu. Aliyepokea ni Ludy. Alisema umelala. Nikamwambia akuamshe, akasema umechoka sana. Nikamsikia anavuta makamasi. Kisha laini ikakatika, au aliikata, sijui.

Kama ni ule utani wa vidole vifupi umekuudhi, nisamehe. Apo naye anasema umsamehe, na yeye haombi msamaha ovyo, unamjua.

Niandikie hata mstari mmoja.

Marivic


Kodiak, 18 Septemba 1988

Marivic,

Salamu kwa Apo na kwa Pacing. Mimi mzima. Nilikuwa na kazi nyingi ndiyo maana sikuandika.

Desemba sitaweza kuja. Msimu wa kaa unaanza na wanahitaji watu. Mjomba wako Isko anatoka huku kuja nyumbani kwa Krismasi na atakuletea samaki. Pacing akae kwenye kiti changu.

Mchuzi: sukari guru vikombe viwili. Siki kikombe kimoja na nusu. Tangawizi vijiko viwili vya kupikia. Pilipili kijiko kimoja. Chumvi vijiko viwili vya chai. Ukipima hivi hutakosea.

Samahani kwa hati. Kalamu mbovu na baridi imeanza.

Mama


Pasuquin, 10 Oktoba 1988

Nanang,

Naupokea mkono wako. Nimeandika maneno haya miaka yote bila kuyafikiria, na leo nimeyafikiria, kwa sababu barua yako haikunijibu. Hukuandika "Mungu akubariki". Tangu nijue kusoma hujawahi kuliacha. Hata mwaka ule ulipokuwa na homa ya mapafu uliliandika, tena kwa herufi kubwa.

Apo hajambo. Anti hajambo. Nestor hajambo. Mimi sijambo kwa nje.

Nanang, vijiko? Wewe? Nimeisoma barua ile tanurini, nimeisoma kitandani, nikaona ni kama mtu mwingine amekaa kwenye kiti chako na kuvaa nguo zako. Na hati imelala upande kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Kalamu gani hiyo mbovu, Nanang? Kalamu mbovu huchafua karatasi, haibadilishi herufi.

Nimewaza mengi ya kijinga. Kwamba una mume huko. Kwamba humtaki Nestor na unaona haya kusema. Kwamba unaumwa. Anti Pacing anasema niache kuuliza, mtu mzima akifunga mlango ana sababu. Lakini mlango wenyewe ni wako na mimi ndiye niliye nje, na kunanyesha.

Nilimwambia Nana Onor kwamba hutakuja ila samaki atakuja. Aliweka kikapu chini kabisa. Akasema, "Binti, mimi siendi kuongea na samaki. Mama akiwa hai na hataki kuja, basi hataki. Sipeleki mwanangu mahali asipotakiwa." Hivyo ndivyo ilivyo sasa: usipokuja hawaji. Nestor amegombana naye na sasa wanakula meza mbalimbali. Sikutaka kukuambia hili, lakini wewe nawe una mambo hutaki kuniambia, basi mmoja wetu aanze.

Niambie ni nini. Lolote. Naogopa zaidi nisilolijua.

Marivic


Kodiak, 2 Novemba 1988

Mwanangu,

Leo ni siku ya wafu na nimemwashia baba yako mshumaa dirishani. Salamu kwa Apo. Barua hii isome mwenyewe moyoni, usimsomee yeye.

Mwezi wa Julai, samoni walipojaa hadi tukawa tunalala na mabuti, glovu yangu ilinaswa kwenye mashine ya kukata vichwa vya samaki. Mkono wa kulia. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vimekwenda. Vimebaki gumba na kile kidogo. Walinipeleka Anchorage kwa ndege. Wauguzi wema. Sina maumivu sasa, isipokuwa vile visivyokuwepo, ambavyo huwasha usiku.

Barua yako ya vidole vifupi Ludy alinisomea nikiwa kitandani hospitalini. Mimi nilicheka, Marivic. Nilicheka kweli, na Ludy ndiye aliyelia. Usijilaumu hata kidogo, na Apo asijue kabisa.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Sasa unajua kalamu mbovu ni ipi.

Nilitaka kuja hata hivyo. Nikajiambia, acha nipike kwanza, nione. Nilinunua kila kitu, nikakandamiza sukari chini ya sufuria, nikamimina siki, na nikasimamisha kidole. Hakuna kitu kilichogusa siki. Nilisimama pale mpaka Ludy akaja kuzima jiko. Ndipo nilipokuandikia vijiko. Nimevitukana vijiko maisha yangu yote na sasa ndivyo vilivyobaki kunisaidia.

Na si mchuzi tu. Siku ile kijana wako atakuja mbele yangu kuomba mkono. Nimpe upi? Wa kushoto ni matusi, hata Mungu anajua. Wa kulia ni gando la kaa. Nana Onor akiwa amekaa pale, macho yakitoka sakafuni kuja kwangu. Kijana atashtuka, hata kama ni kidogo tu, na mimi nitauona mshtuko ule, na wewe utauona, na utakaa nao katika ndoa yako. Sitaki mwanzo wako uwe huo. Nilikuwa na maneno mengi kuhusu jinsi mwanamume anavyojulikana kwa kupokea mkono. Sikujua mkono nao hujulikana.

Mwambie Nana Onor naumwa. Si uongo.

Mungu akubariki. Sikuacha kuliandika neno hili kwa kusahau. Sikujua kama bado ninao mkono wa kubariki.

Mama yako


Pasuquin, 21 Novemba 1988

Nanang yangu,

Naupokea mkono wako. Wa kulia.

Nimelia, kwa hiyo hilo tuliache. Mkate wa asubuhi umeungua na mwenye duka amenirudisha nyumbani, kwa hiyo na hilo tuliache.

Apo nimemwambia. Nisamehe, alinitazama machoni akaniuliza, na mimi siwezi kumdanganya. Akasema, "Mwambie arudi nimwone," akaenda kuwagombeza kuku. Aligombeza vibaya sana. Kuku hawajapata kusikia maneno kama yale.

Nestor pia nimemwambia, kwa sababu ni yeye unayemwogopa. Nilitaka kumwona usoni. Nikamwambia vidole vitatu vimekwenda, mama haji, anaona haya kukupa mkono. Unajua alivyo mzito wa kufikiri. Alinyoosha mkono wake mwenyewe mbele yake, akaugeuza, akautazama. Akasema, "Lakini mkono tunaupokea kwa mgongo wake."

Nikamwuliza maana yake.

"Paji la uso linagusa mgongo wa mkono, Marivic. Mimi vidole vya mama yako nilikuwa sivihitaji tangu mwanzo. Mgongo upo?"

Nikasema nadhani upo.

"Basi muulize. Kama upo, mimi nainama."

Nakuuliza, Nanang. Mgongo wa mkono upo?

Mama yake hajui, na nimemkataza Nestor kumweleza. Kwa hiyo bado anasema haji. Barua hii itachukua wiki tatu kukufikia, na hizo wiki ndizo zote tulizo nazo. Ukisema haiwezekani nitaelewa, wala sitakuuliza tena. Lakini sufuria nimeshaisugua. Vijiko nimevificha.

Marivic


Kodiak, 15 Januari 1989

Mwanangu Marivic,

Mungu akubariki, na amkumbuke huyo mkwe wangu mtarajiwa, na ngazi yake. Nimefika salama. Theluji imefika magotini na Ludy amepata mchumba, Mungu amsaidie huyo mchumba na masikio yake. Daktari ameutazama mkono na anasema umepona vizuri. Ananitaka hadi Machi, kisha nafunga virago vyangu vyote nirudi, si kwa arusi tu. Mwambie Apo, lakini usimwambie kwamba nimelia kuandika mstari huo.

Uliniuliza mara mbili kilichotokea sebuleni siku ile ukiwa jikoni kwenye tanuri, na mara mbili nilikuambia, "Kula." Pale sikuweza. Huku naweza, kwa kuwa hunioni.

Barua yako ilinikuta Isko ameshafunga sanduku la samaki. Nilikuwa nimekwambia siji, na tiketi ilikuwa bado iko chini ya mto wangu; sikuwahi kuirudisha. Nikautazama mgongo wa mkono, nikaona upo, nikapanda ndege na Isko. Nilipofika ulinikumbatia, hukuutazama mkono, na nilijua umejizuia usiutazame. Asubuhi yake nikaufunga kwa leso nyeupe ya Pacing. Wewe ukafurahi uliposikia kwamba Nana Onor amekubali kuja baada ya kuambiwa nimeshuka basi kwa miguu yangu. Mimi nilitamani asikubali.

Walipoingia nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha baba yako. Nestor akaja moja kwa moja. Nikautoa mkono na leso yake. Akainama. Lakini hakuugusa. Akakaa vile vile ameinama, kichwa chini, akingoja. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Pokea basi." Akasema, naye kwa sauti ndogo, "Nangoja mkono, Nanang. Hii ni leso."

Marivic, nilikasirika. Nilitaka kumpiga kofi kwa ule mwingine. Watu wote kimya, Isko anatazama dari, Pacing kwa mara ya kwanza maishani hana neno. Nikasikia Nana Onor anasogea mbele kwenye kiti chake. Nikasema moyoni, haya, sasa. Naye akasema, "Visitacion, kitoe hicho kitambaa, mwanangu ataota kibiongo na nimemlea vizuri."

Nikakitoa. Sikumtazama mtu. Nikasikia paji la uso wake kwenye mgongo wa mkono wangu, lina joto, lina jasho, na lilikaa pale zaidi ya inavyopasa. Nikambariki. Nilipoinua macho, Nana Onor alikuwa anautazama mkono. Hakujificha. Akauliza, "Mashine?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na kweli ulikuwa unataka kumwachia samaki aje kukusemea." Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini alihama kiti akaja kukaa upande wangu wa kulia, na akakaa hapo hadi mwisho.

Kimya kile ndicho kilichokutoa jikoni, najua. Ulikuja mlangoni na mwiko, ukasimama, ukatazama. Hukugeuka hata kupiga chafya, lakini ndipo sukari ilipopata nafasi yake. Nimekula samoni wengi, na sijawahi kuona mkia mweusi kama ule. Nana Onor aliuchukua mkia mwenyewe, akautafuna wote hadi mifupa, na akasema umeiva.

Niseme ukweli wa mchuzi: siki ilizidi. Apo alikuwa sahihi. Kwa arusi punguza, ishuke chini ya pingili. Pingili yako, mwanangu. Kwa pingili hiyo nyumba yetu itapima tangu sasa.

Mkono wangu huu hapa,
Mama